Kahawa kwa Pamoja, Mtihani Peke Yako

Mwaka 1951 Wachagga walipiga kura kumchagua Mangi Mkuu wa Kilimanjaro nzima. Thomas Marealle alishinda, akasimikwa Januari 1952. Mwaka 1960 kura nyingine ikakiondoa cheo hicho, na Solomon Eliufoo akashika uongozi wa Baraza la Wachagga kama rais. Katika muda usiotimia miaka kumi, watu wa mlima walimpandisha kiongozi kwa karatasi na wakamshusha kwa karatasi. Babu zao walizoea kumaliza mashindano ya namna hiyo kwa mikuki. Katika makala haya nafuatilia walikojifunza kuyamaliza kwa kura.

Wengi hujibu kwamba walijifunzia shuleni, kwa kuwa Kilimanjaro iliwahi kusoma. Ni kweli iliwahi. Lakini shule ilifundisha kushindana, na mtu aliyefundishwa kushinda tu hajui la kufanya siku akishindwa. Naamini somo la pili, la kukaa pamoja hata baada ya kushindwa, lilitoka kwingine.

Turudi nyuma kidogo. Katika karne ya 19 mteremko wa kusini ulikuwa umegawanyika katika himaya nyingi ndogo zilizotengwa na makorongo, kila moja na mtawala wake, mangi. Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho walipigania ng'ombe, njia za misafara na heshima. Wajerumani walipofika waliukuta ushindani huo umekomaa, wakautumia. Rindi alifanya urafiki nao ili wamsaidie dhidi ya Sina, na mwaka 1891 Kibosho ikavamiwa. Mwanawe Rindi, Meli, aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, akashindwa mwaka uliofuata, na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Mimi husoma historia hiyo kwa uchungu. Hakuna aliyekuwa mwoga kati ya mamangi hao. Walichokosa ni sehemu moja ya kukaa pamoja na kusema hapana kwa sauti moja.

Na bado, katika mlima huohuo, kulikuwa na kazi ambayo haikuwezekana bila kukaa pamoja. Maji ya vijito yalichotwa juu kwenye makorongo na kuongozwa kwa mifongo, yaani mifereji ya jadi, hadi kwenye vihamba, mashamba yanayozunguka nyumba. Mfongo ulikuwa na wenyewe, ulikuwa na zamu, na ulikuwa na siku za kuzibua tope na kuziba palipobomoka. Asiyefika kazini alitozwa faini au alikosa maji. Kijana aliingia kazi hiyo na rika lake, akitazama jinsi wazee wanavyoamua ugomvi wa zamu, na jinsi jirani mwenye nguvu anavyokatazwa kuchota kupita kiasi chake. Uongozi wa namna hii hauonekani katika orodha za mamangi, lakini ndio uliolisha migomba.

Wamisheni wa Kilutheri kutoka Leipzig walianza kazi mlimani mwaka 1893. Mmoja wao, Bruno Gutmann, aliyekaa hadi mwaka 1938, aliona thamani ya ukoo, ujirani na rika, akataka Kanisa lijengwe juu ya misingi hiyo. Aliogopa kwamba elimu ya kigeni na fedha zingemng'oa mtu kutoka kwa watu wake. Hofu yake ilikuwa na sababu. Lakini madarasa yalifungua pia mlango ambao ukoo ulikuwa umeufunga. Joseph Merinyo, aliyekulia katika misheni ya Old Moshi, hakuwa mtoto wa mangi. Kilichompa nafasi ni kalamu. Shindano la darasani lilimruhusu mtoto wa kawaida kukaa mbele ya mtoto wa mtawala, na hilo halikuwa jambo dogo.

Merinyo alikitumia alichokipata kwa namna ambayo naiona kuwa ya thamani kuliko cheti chochote. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda Chama cha Wakulima Wenyeji wa Kilimanjaro, KNPA, naye akawa rais wake. Walowezi hawakupenda Waafrika walime kahawa, na walisingizia magonjwa ya mimea. Chama kiligawa dawa ya wadudu, kikauza kahawa ya wanachama kwa pamoja, na kikawapa wakulima wa himaya mbalimbali sababu ya kwanza ya kukutana bila kupitia kwa mangi. Mamangi hawakufurahi, wala serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 chama kilivunjwa, na mwaka 1933 Chama Kikuu cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro, KNCU, kikachukua nafasi yake, kikiwa na meneja Mzungu, A.L.B. Bennett, na vyama vya msingi mlimani kote.

Hapa ndipo palipokuwa na shule ya somo la pili. Chama cha msingi kilikuwa na kamati iliyochaguliwa na mkutano mkuu, karani wa mizani, na katibu wa kutunza vitabu. Mara nyingi anayejua kuandika alikuwa kijana kuliko wote waliokuwa mezani. Alipokea kahawa mbele ya mwenye kahawa, akaandika uzito, akalipa malipo ya kwanza. Baada ya miezi kadhaa, kahawa ikishauzwa, alisimama mbele ya wazee waliomjua tangu akiwa mtoto, akaeleza kwa nini malipo ya mwisho ni kiasi kile na si zaidi. Wazee wale hawakusoma, lakini kila mmoja aliukumbuka uzito wake. Katibu akidanganya alijulikana, na akiwa mwaminifu alijulikana vilevile. Hakuna mtihani wa taifa uliowahi kupima jambo hilo.

Ushirika ulikuwa na makosa yake, tena mazito. Mwaka 1937 bei ilipoanguka na sheria ikawalazimisha wakulima kuuza kupitia KNCU peke yake, watu walivamia maghala ya vyama. Walikuwa wakikataa ushirika wa amri. Tena, mti wa kahawa ulihesabiwa kuwa mali ya mwanaume. Mwanamke alipalilia, alichuma, alibeba, lakini jina lililoandikwa kitabuni lilikuwa la mumewe. Shule hii ya uongozi ninayoisifu iliwaacha wasichana nje.

Fedha ya kahawa ilifanya nini? Ilijenga madarasa. Ushuru wa kahawa uliingia katika mfuko wa Baraza la Wachagga, na sehemu yake ikaenda kwenye elimu, ikiwa ni pamoja na kuwasomesha vijana nje. Wakulima walichanga kwa pamoja ili watoto wao wakashindane mmoja mmoja. Nafasi za shule ya kati zilikuwa chache, za sekondari chache zaidi, na za Makerere za kuhesabika. Mtoto aliyefaulu aliondoka, na mara nyingi hakurudi kwenye mizani iliyomsomesha.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia jambo hilohilo kwa nchi nzima: shule ya msingi ilikuwa ikiwaandaa wachache wa kwenda sekondari na kuwafanya waliobaki wajione wameshindwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka tabia na kazi za mwanafunzi zizingatiwe, si alama za mtihani tu. Shule nyingi zililipokea hilo kama jembe la kuadhibia. Shule ya sekondari ya wasichana ya Weruweru, tambarare chini ya mlima, ililichukulia kwa dhati. Chini ya Maria Kamm, ambaye nchi nzima humwita Mama Kamm, wasichana walilima, walifuga, na walisimamia kazi zao wenyewe. Walikuwa wameingia pale kwa kushindana, kwa sababu mtihani ndio mlango pekee waliofunguliwa. Wakishaingia walifundishwa kubebana. Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2007, alipita hapo. Nikiulizwa ni wapi mlimani masomo yote mawili yalikutana vizuri zaidi, nitaitaja Weruweru kabla ya shule yoyote ya wavulana.

Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU kikiwemo. Wakati huohuo nafasi za sekondari za serikali ziligawanywa kwa mgao wa mikoa, ili mikoa iliyochelewa nayo ipate. Ilikuwa haki, ingawa mtoto wa Kilimanjaro mwenye alama nzuri aliweza kukosa nafasi. Wazazi, makanisa na vijiji vya mlima vikachanga na kujenga sekondari zao, kwa wingi ambao mikoa mingi haikuufikia. Ushirika ulifutwa kwenye kahawa ukaibukia kwenye matofali ya shule. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu vyama virudi, na KNCU kikafufuka katikati ya muongo huo, lakini nguvu ya zamani haikurudi yote.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba halitataja tena shule bora wala wanafunzi bora, kwa sababu watoto wanaosoma katika mazingira tofauti hawalinganishwi kwa haki. Wengine walilalamika kwamba ari ya kusoma itakufa. Mimi niliunga mkono uamuzi huo, ila nauona umegusa upande wa kushindana tu, si ule wa kushirikiana. Mji wa Moshi una Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963, na vijana hujifunza humo hesabu na sheria za vyama. Lakini kupanda kwenda kwenye chama cha msingi chenyewe ni jambo jingine: wakulima wengi wa kahawa sasa ni wazee, na kahawa yenyewe inang'olewa kupisha migomba, nyanya na nyumba. Katika vyama vingi mezani wamebaki wazee, na kijana wa kusimama mbele yao na kitabu cha hesabu yuko Dar es Salaam.