Wati 1200 kwa betri sita: kisa cha PMPO na ukoo wake

Kuna herufi nne nina ugomvi nazo wa siku nyingi: PMPO. Kama umekulia Dar, Mombasa au Nairobi unazijua, hata kama hujawahi kuuliza maana yake. Zilikuwa kwenye kibandiko kinachong'aa mbele ya redio kaseti, zimetanguliwa na namba ya kutisha: 300, 800, 1200. Siku hizi zimehamia kwenye sabufa. Muuzaji anaigonga ile namba kwa kidole, anaongeza sauti mpaka kioo cha duka kinatetemeka, na mteja anatoa pesa.

Haya, tupige hesabu kidogo, wala si ngumu. Redio inayotumia betri sita kubwa za tochi inapata volti 9. Wati ni volti mara ampea. Ili wati 1200 zitoke kwenye volti 9 unahitaji zaidi ya ampea 130, yaani mkondo wa kuwashia injini ya gari. Betri za tochi zikikupa ampea mbili kwa muda mfupi, mshukuru Mungu. Na ukiichomeka ukutani? Igeuze usome kibandiko kidogo cha nyuma, kile ambacho haking'ai. Mara nyingi utakuta wati 15, au 20. Mbele elfu na ushee, nyuma ishirini, kwenye boksi lilelile. Ingekuwa kweli inakula wati 1200, ungemaliza uniti moja ya LUKU kabla saa haijaisha, na baba mwenye nyumba angekuja kugonga mlango.

Mimi hupenda kufungua hivi vitu kwa bisibisi kabla sijaviamini, kwa hiyo nikaanza kufuatilia hii tabia imetoka wapi. Nilidhani ni ujanja wa wafanyabiashara wa miaka ya 1990. Kumbe ina ukoo mrefu, na wazee wake ni wa kuheshimika.

Tuanze na transista. Mwaka 1954 ilitoka Marekani redio ya kwanza ya transista ya kuuzwa madukani, Regency TR-1. Ilikuwa na transista nne na bei yake ilikuwa dola 49.95, hela nyingi kwa wakati ule. Transista moja ilikuwa ghali, hivyo kila iliyoongezwa ilikuwa na maana: redio ilivuta stesheni za mbali zaidi, sauti ikawa kubwa zaidi. Kwa muundo uliozoeleka, transista sita zilitosha kabisa: moja ya kubadili masafa, mbili za kukuza mawimbi, moja ya kusukuma sauti, na mbili za mwisho za kuendesha spika. Watengenezaji wakaanza kuandika idadi kwenye kava, na mnunuzi akajifunza kwamba nane inazidi sita.

Unaona tunakoelekea. Transista ziliposhuka bei, zikaja redio za transista 10, 12, 14. Ukifungua baadhi yake unakuta transista kadhaa zimechomelewa kwenye bodi bila kazi, miguu haijaungwa popote. Nyingine zimefanywa diodi, kazi ambayo kijidude cha bei ndogo zaidi kingeifanya vizuri tu. Mtu alilipia transista kweli, na transista kweli zilikuwemo. Ukimpeleka muuzaji mahakamani utasema amekudanganya nini? Ndiyo maana mwaka 1968 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ililazimika kuweka kanuni maalumu kuhusu jambo hili dogo hivi: usihesabu transista ambayo haifanyi kazi ya maana ya kupokea au kukuza mawimbi.

Saa za mkono zilishapita njia hiyo hiyo. Wale wenye Seiko 5 ya urithi wanajua yale maandishi ya vito 21. Vito ni rubi za kiwandani zinazopunguza msuguano pale ekseli ndogo zinapozunguka. Saa ya kutia ufunguo inatosheka na 17, ya kujijaza yenyewe inahitaji chache zaidi. Hata hivyo, ziliuzwa saa za vito 100, vingi vikiwa vimepangwa kama shanga pembezoni mwa kile chuma kinachozunguka, bila kugusa kitu chochote. Mwaka 1974 shirika la viwango la kimataifa, ISO, likatoa kiwango cha kutenganisha kito chenye kazi na kito cha pambo.

Mwaka huo huo wa 1974 (ulikuwa mwaka mbaya kwa waongo) FTC ikawageukia wauza amplifaya. Wati zilikuwa zimeshachafuka. Kuna waliopima kwa mpigo mmoja mfupi wa muziki, kuna walioikuza namba hiyo mara mbili wakaiita ya kilele, na kuna waliojumlisha spika zote. Kanuni ikasema: pasha amplifaya moto saa nzima kwa theluthi ya nguvu unayodai, halafu ndiyo upime, kwa mfululizo, na useme sauti imepotoka kiasi gani. Wenye viwanda walilalamika sana. Namba kwenye matangazo zikashuka.

Ila kanuni ya Washington haipandi meli kuja bandari ya Mombasa. PMPO haina kipimo kinachokubalika popote. Unaweza kuchukua umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita, ukaumwaga wote kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, ukazidisha kwa idadi ya spika, ukaandika jibu. Hakuna atakayekukosoa kwa sababu hakuna kitabu cha majibu.

Msifikiri wakubwa wako salama. Novemba 2000 Intel walitoa Pentium 4 ikianzia gigahezi 1.4, na kwa baadhi ya kazi ilipitwa na Pentium III ya gigahezi 1, kwa sababu ilifanya kazi kidogo zaidi kwa kila pigo la saa. Namba iliuza, basi namba ikafukuzwa. AMD, waliokuwa na prosesa nzuri yenye namba ndogo, mwaka 2001 wakaamua kuibatiza: Athlon XP 1800+ ilikuwa inakwenda gigahezi 1.53 tu. Mwaka 2004 Intel walifuta mpango wa kufika gigahezi 4 kwa sababu ya joto, na 2006 wakaleta Core 2, yenye gigahezi chache na kasi kubwa. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakinunua joto. Megapikseli sizigusi sana, mmechoka nazo: simu ya megapikseli 108 ya mwaka 2020 ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani inaunganisha nukta tisa kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12.

Kinachonisumbua ni nani analipia. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, nayo inakataza kumpotosha mnunuzi. Kwa macho yangu, nguvu nyingi tunaziona zikienda kwenye nembo za kughushi, na inaeleweka, maana mwenye nembo ana mawakili. Namba ya kughushi juu ya jina lisilojulikana haina wa kuilalamikia isipokuwa yule aliyeinunua, na yeye hana kipimo.

Kwa namba moja walau kipimo kipo jikoni. Powabanki nyingi hutengenezwa kwa seli za mviringo zenye uzito wa gramu 45 hivi kila moja, na seli nzuri kabisa ya ukubwa huo inabeba takribani mAh 3500. Za kawaida ni 2000 hadi 2600. Kwa hiyo powabanki ya mAh 50000, hata ikiwa na seli bora kuliko zote, itahitaji seli 15, zaidi ya gramu 650 kabla hujaweka kava wala bodi. Wanaosafiri kwa ndege wana msaada mwingine: mashirika ya ndege yana kikomo cha wati-saa 100 bila kuomba ruhusa, ndiyo maana watengenezaji wanaojiheshimu huandika wati-saa pembeni.

Ile niliyoinunua wiki iliyopita pale Kariakoo haina wati-saa popote. Imeandikwa 50000 kwa herufi za dhahabu. Mizani ya kupimia unga inasema gramu 210.