Apolo Kagwa na Kiti cha Ufalme wa Buganda

Wasomaji wetu wa Shinyanga na Geita wapajua Bukumbi, kusini ya Mwanza, kando ya ghuba ya ziwa. Hapo zamani palikuwa kimbilio la mfalme. Mwaka 1888 Mwanga, Kabaka wa Buganda, alivuka ziwa akafika upande wetu, maana alikuwa ameondolewa enzini. Kwanza alikaa Magu kwa Waarabu, wakamnyang'anya mali yake. Kisha akakimbilia misheni ya Mapadre Weupe ya Bukumbi. Leo twapenda kueleza habari za Apolo Kagwa, mmoja wa wale waliomrudisha, ambaye baadaye alisimama kinyume chake.

Kagwa alizaliwa karibu na mwaka 1865, akatumika tangu ujana katika jumba la Kabaka Mutesa, akawa msomaji wa misheni ya Kianglikana. Mwaka 1886 Mwanga, mwana wa Mutesa, aliwaua vijana wengi Wakristo, na tarehe 3 Juni wengi walichomwa moto Namugongo. Kagwa naye alipigwa vibaya, ila hakuuawa.

Tarehe 10 Septemba 1888 Wakristo na Waislamu waliungana, wakamfukuza Mwanga na kumtawaza nduguye Kiwewa. Hata mwezi wa Oktoba wakafarakana. Wakristo walishindwa, wakakimbilia Nkore. Na Waislamu wakamtawaza Kalema. Basi Wakristo walifanya shauri gani? Walimwita Mwanga yule yule aliyewaua ndugu zao! Stokes, Mzungu mfanya biashara aliyejulikana sana Usukuma, alimvusha ziwa katika chombo chake. Kiongozi wao Nyonyintono alipouawa vitani mwaka 1889, Kagwa alishika mahali pake. Baada ya vita vingi Kalema alishindwa kabisa, Februari 1890, na Kagwa akawa Katikiro, yaani waziri mkuu.

Kwa nini alimpigania mtu aliyemjeruhi? Twaona hakumpigania Mwanga, alikipigania kiti. Katika Buganda Kabaka ndiye aliyegawa vyeo na nchi, na pasipo yeye kila mkubwa angejifanya mfalme. Uingereza nako, Edward Hyde alipinga makosa ya Mfalme Charles wa Kwanza Bungeni; lakini vita vilipotokea mwaka 1642 alisimama upande wa mfalme. Mfalme huyo alikatwa kichwa mwaka 1649, na Hyde akakaa ugenini pamoja na mwanawe mpaka walipoitwa kurudi mwaka 1660.

Jambo hili lilionekana tena tarehe 24 Januari 1892, Waprotestanti na Wakatoliki walipopigana Mengo. Mwanga alikuwa upande wa Wakatoliki. Kagwa na wenzake, wakisaidiwa na bunduki za Kapteni Lugard, walishinda. Lakini hawakumtawaza mwingine. Mwisho wa Machi Mwanga alirudishwa.

Julai 1897 Mwanga aliondoka Mengo kwa siri akapigana na Waingereza, maana enzi yake ilikuwa jina tu. Safari hii Kagwa hakumfuata. Mwanga alishindwa, akaingia nchi ya Wadachi, akazuiliwa Mwanza. Tarehe 14 Agosti mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, alitawazwa. Nao Kagwa, Mugwanya na Kisingiri wakatawala kwa niaba yake. Mwanga alitoroka, akakamatwa mwaka 1899, akafa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903.

Je, Kagwa alikuwa mwaminifu au msaliti? Hatuwezi kumsifu tu. Mapatano ya mwaka 1900 yalihifadhi kiti, lakini nguvu nyingi zilikwenda kwa Waingereza. Nchi iligawanywa kati ya Kabaka na wakubwa, na Kagwa mwenyewe alipata sehemu kubwa. Wazee wa koo wakalalamika miaka mingi kwamba makaburi ya baba zao yameingia mikononi mwa wengine. Alinzaye kiti cha mwenziwe aangalie asijitengenezee cha kwake chini yake.

Mwaka 1910 mifupa ya Mwanga ililetwa Buganda, ikazikwa Kasubi pamoja na wafalme, Kagwa akiwa angali Katikiro. Yeye alijiuzulu mwaka 1926 baada ya kukosana na afisa wa Kiingereza, akafa Nairobi Februari 1927. Waingereza aliowategemea kukilinda kiti ndio waliomchosha mwisho.