Waungwana wa Maniema: Lugha Iliyopokewa, Dini Iliyotengwa

Mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliiteka Kasongo, ngome ya Waungwana, yaani Waislamu wa Maniema, ambao wengi wao walikuwa wenyeji waliosilimu. Tangu hapo Uislamu ulihesabiwa dini ya kigeni. Mapatano ya 1906 baina ya Dola hiyo na Vatikani yalizikabidhi misheni za Kikatoliki ardhi na elimu. Wazazi wengi Waislamu, wakichelea ubatizo, waliwazuia watoto wao kwenda shule. Hata hivyo, Kingwana, lugha ya Waungwana hao hao, kilifundishiwa shuleni na kuenea hadi Kampene, katika nchi ya Warega. Serikali ya Zaire iliitambua rasmi jumuiya ya Waislamu mwaka 1972. Je, watu walioipa nchi lugha yake wataitwaje wageni?