Nani Mwenye Jibu? Mtungaji na Mfumbuzi katika Fumbo la Maneno

Tarehe 5 Novemba, 1996, siku ambayo Wamarekani walikuwa wakimchagua rais wao, gazeti la New York Times lilichapisha fumbo la maneno lenye kidokezo kimoja cha ajabu: msomaji aliulizwa habari kuu itakayokuwamo katika gazeti la kesho yake. Jibu lilitaka jina la mshindi, nalo lilipewa visanduku saba. Wasomaji wengi walijaza CLINTON, kisha wakakasirika. Baadhi yao walidai kwamba gazeti limekwisha kujipendelea mgombea. Wengine walidai kwamba limekosea. Kumbe mtungaji, Jeremiah Farrell, aliyekuwa mwalimu wa hisabati, alikwisha kuona kwamba BOB DOLE nalo ni jina la herufi saba, akavitunga vidokezo vyote vya wima vilivyolikata jina hilo hata kila kimoja kikubali majibu mawili. Mathalan, herufi ya kwanza ilitokana na mnyama mweusi wa sikukuu ya Halloween: awe popo au awe paka, majina ambayo kwa Kiingereza hutofautiana kwa herufi hiyo moja tu. Mhariri, Will Shortz, alilazimika kuwaeleza waliolalamika kwamba majibu yote mawili yalikuwa sahihi.

Ghadhabu ile si jambo la kuchekwa tu. Yaonyesha kwamba mfumbuzi hushika kalamu akiamini kuwa jibu ni moja, na kwamba mtungaji amefungwa na ahadi fulani ijapokuwa hakuitia sahihi. Ahadi hiyo haikuzaliwa pamoja na fumbo lenyewe. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, alipochapisha fumbo lake la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba, 1913, vidokezo vyake vilikuwa maana za maneno tu, kama zile za kamusi. Aliyebishana na jibu aliweza kufungua kamusi, na mabishano yakaisha.

Ugomvi wa kweli ulianza Uingereza. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers, mshairi na mfasiri wa mashairi, alianza kulitungia gazeti la Observer mafumbo ambayo kidokezo chake chasema jambo moja na kukusudia jingine. Alijiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya Kanisa iliyowahukumu wazushi kule Hispania, na kwa hakika wapo wafumbuzi walioona kuwa jina hilo limemfaa. Werevu wake haukuwa na mpaka, wala haukuwa na sheria. Mara nyingi mtu alilipata jibu kwa kubahatisha, akabaki hajui ni kwa nini ndilo.

Baada ya Mathers kufariki mwaka 1939, nafasi yake ilichukuliwa na Derrick Somerset Macnutt, mwalimu wa Kigiriki na Kilatini, aliyejiita Ximenes kwa jina la mkuu mwingine wa mahakama ile ile. Huyu ndiye aliyeleta sheria. Katika kitabu chake cha mwaka 1966 alitaka kidokezo kiwe na maana halisi ya jibu, na njia ya pili ya kulifikia kwa mchezo wa maneno, na yote mawili yasimame kwa sarufi isiyo na kasoro. Aliyemtangulia katika fikira hiyo ni A. F. Ritchie, kasisi, ambaye herufi za jina lake zilimpa lakabu ya Afrit, yaani ifriti yule yule tumjuaye katika ngano za Alfu Lela. Katika kitabu chake cha mwaka 1949, Ritchie alimruhusu mtungaji ampoteze msomaji kadiri atakavyo, ila kwa sharti kwamba maneno yenyewe, yakisomwa sawasawa, yawe yamelitaja jibu. Si kila mtungaji aliyekubali. John Graham, naye kasisi, aliyelitungia gazeti la Guardian tangu 1958 hadi alipofariki mwaka 2013 na kujulikana kwa jina la Araucaria, aliilegeza sheria hiyo mara nyingi, na wasomaji walimpenda hivyo hivyo. Hata hivyo, Ximenes ndiye aliyempa mfumbuzi haki ya kukata rufani.

Haki hiyo haimo katika kitendawili chetu. Anayeshindwa hudaiwa mji, mtegaji huupokea, kisha hutoa jibu, na jibu hilo halibishiwi. "Nyumba yangu haina mlango" ni yai. Atakayejibu kwamba ni kaburi huenda akawa na hoja nzuri sana, lakini jamii ilikwisha kuamua kabla hajazaliwa.

Je, sheria ya Ritchie yaweza kusimama katika Kiswahili? Tuchukue neno *kaa*. Kidokezo kikisema "Anatembea upande ufuoni na kuwaka jikoni", mfumbuzi ana haki ya kulalamika, kwa kuwa kiambishi *a-* chamfaa kaa wa pwani, wala hakilifai kaa la moto. Kikisema "Anatembea upande ufuoni, linawaka jikoni", sarufi imenyooka, lakini upatanisho umekwisha kutoboa siri kwamba vitu ni viwili, na ngeli zao zimejulikana. Lakini kikisema "Hutembea upande ufuoni, huwaka jikoni", kidokezo ni halali na siri imehifadhika, kwani *hu-* ya mazoea haichukui kiambishi cha nafsi wala cha ngeli. Hapo ndipo penye maficho ya mtungaji wa Kiswahili, na si mapana: akithubutu tu kuongeza kivumishi au kimilikishi, amekamatwa.

Jedwali nalo lina mambo yake. Katika mtindo wa Kimarekani kila herufi hukatwa na neno jingine. Maneno yetu, isipokuwa machache ya mkopo, huishia kwa irabu. Kwa hiyo safu ya mwisho ya kulia ingejaa irabu tupu, na maneno ya namna ya *aua* ni machache mno. Mtindo wa Kiingereza, ambao kwa kawaida hukata herufi moja na kuiacha inayofuata, watufaa zaidi, kwani safu hiyo yaweza kubeba *elimu* au *imara* bila taabu: irabu hukatwa, konsonanti huachwa. Lakini konsonanti zilizoachwa ndizo zilizobeba maana. Mfumbuzi aliyekwisha kupata A, A na I katika visanduku vitano aweza kuandika *asali*, na jirani yake akaandika *amani*. Jedwali litawakubalia wote wawili, na atakayewaamua ni kidokezo peke yake.