Wa Kwanza na Kifungua Mimba

Kwa miaka kumi na mmoja kaburi la baba yangu, lililo kando ya migomba ya nyumbani kwetu Mpuguso, lilikuwa na mwaka wa kuzaliwa usiokuwa wake. Mwaka huo niliuchagua mimi, mwalimu wa historia, tena kwa kujiamini. Naeleza hapa nilivyokosea, ndugu msomaji, kwa kuwa kosa lenyewe lilifichuliwa na msamiati wa Kiswahili kabla ya kufichuliwa na nyaraka.

Baba alipofariki nilikuwa na karatasi mbili. Cheti chake cha shule ya kati kilisema amezaliwa 1938. Kitabu cha ubatizo cha ushirika wetu kilikuwa na jina lake, majina ya babu na bibi, na mwaka 1932. Wanafunzi wangu niliwafundisha kwamba waraka ulioandikwa karibu na tukio huaminika kuliko ule ulioandikwa baadaye. Cheti nilikitilia shaka kwa sababu nyingine pia: enzi za Mwingereza umri wa mtoto lilikuwa jambo la kupatana. Kodi ya nyumba na kichwa iliyowekwa na sheria ya 1922 iliwafanya vijana wachelewe sana kukua, na mlango wa shule nao uliwapenda wadogo. Kipimo cha kuanza darasa kilikuwa mkono kupita juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Aliyechelewa kuletwa alipunguziwa miaka na mambo yakaisha. Nikaandika 1932, fundi akachonga.

Miaka kadhaa baadaye, nikitafuta habari za ndugu wengine katika kitabu kile kile, nikakuta jina la baba mara ya pili: wazazi wale wale, mwaka 1936. Nikasema karani amerudia.

Mtu aliyewahi kupekua vitabu vya zamani vya Rungwe atanisamehe kwa wazo hilo. Wamoraviani walifungua kituo chao Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yakaingia Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, wamisionari Wajerumani wakaondolewa, na Waskoti wa Livingstonia wakaishika kazi hadi wenzao waliporudi katika miaka ya ishirini. Kila mgeni alikuja na tahajia yake. Bandari ya Mwaya, kule Ziwa Nyasa, ramani za Kijerumani ziliiandika Muaja. Basi anayetafuta ukoo wake chini ya Mwa- atafute chini ya Mua- pia. Majina yetu nayo hayatoi msaada mkubwa. Lugano, Lusajo na Atupele huitwa wavulana na wasichana, na lugha zetu, Kinyakyusa na Kiswahili, hazitengi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi. Ukisoma “mtoto wake”, hujui ni binti au kijana, wala “wake” ni wa baba au wa mama.

Hata neno “baba” lina mtego. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938, walieleza jinsi mdogo wa marehemu alivyorithi wajane wa kaka yake. Watoto wakahamia kwa baba mdogo, ambaye kwao tangu mwanzo alikuwa baba. Mtoto mmoja anaweza kuandikwa ana baba huyu kanisani na baba yule shuleni, na kusiwe na aliyesema uongo.

Nilikuwa na maelezo ya kutosha, basi, ya kumlaumu karani. Nikaufuta mstari wa 1936 katika daftari langu la ukoo.

Aliyenizuia ni shangazi, mdogo wa baba, aliyekaa Tanga miaka mingi na ambaye Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Siku moja nilimsomea nilichoandika: kwamba baba alikuwa kifungua mimba wa bibi. Akanikatiza.

“Hapana, mwanangu. Baba yako ni wa kwanza, lakini si kifungua mimba.”

Nilidhani anacheza na maneno. Darasani nilikuwa nikiyafundisha kama visawe, na kuyaacha hapo. Kwa shangazi, wa kwanza alikuwa mkubwa kati yao waliokua pamoja. Kifungua mimba ni yule aliyelifungua tumbo la mama, awe amekua au hakukua. Bibi alikuwa amezaa mwana mwingine kabla ya baba. Hakumaliza hata mwaka. Baba alipozaliwa akapewa jina lile lile, na bibi hakutaka tena habari za yule wa mwanzo zitajwe mbele ya watoto.

Nilirudi kwenye kitabu. Pembeni mwa jina la 1932 palikuwa na msalaba mdogo wa wino. Nilikuwa nimeuona tangu siku ya kwanza nikaudhania alama ya karani ya kuhakiki. Kwa mwaka 1936 hapakuwa na alama. Tofauti yake na cheti ni miaka miwili, punguzo la kawaida kabisa la mlangoni mwa shule. Karani hakurudia kitu. Aliandika watoto wawili, mimi nikamfuta mmoja na kumkabidhi mwenzake mwaka wake.

Siku hizi mambo ni tofauti: tangu 2013 mkoa wa Mbeya umekuwa ukitoa vyeti vya kuzaliwa kwa watoto walio chini ya miaka mitano bila malipo. Baba hakuwahi kuwa na cheti cha namna hiyo, na kaka yake ana mstari mmoja tu duniani.

Kikao cha ukoo kilivutana. Baba mdogo alisema jiwe la marehemu haliguswi. Shangazi alisema wawili wakae pamoja, kwa kuwa mdogo naye alizikwa hapo hapo migombani, ingawa mahali hasa hapajulikani tena. Shangazi akashinda. Fundi tuliyemwita kutoka Tukuyu alisoma karatasi niliyompa, akaigeuza, akaisoma tena, kisha akaniuliza kwa adabu kama mwalimu hakukosea, maana jina ni moja na limeandikwa mara mbili.