Jina la Tatu la Chui wa Unguja

Mwaka 1758 Carl Linnaeus, bingwa wa elimu ya viumbe wa Sweden, aliwakusanya paka wote, wakubwa kwa wadogo, chini ya neno moja la Kilatini: Felis. Kwa Warumi wa kale neno hilo halikuwa na mpaka mkali. Liliweza kumtaja paka, na pia mnyama mwengine mdogo awindaye panya. Kwa hesabu ya Linnaeus, simba akawa Felis leo, chui Felis pardus, na paka wa nyumbani Felis catus.

Baadaye jamaa hao walitenganishwa. Mwaka 1916 Mwingereza Reginald Pocock aliichunguza mifupa ya kooni inayoushikilia ulimi, akaona kwamba kwa simba na chui sehemu yake moja ni kano, si mfupa. Akawatia katika jenasi ya Panthera. Felis likabakia kwa paka wadogo, ingawa ukoo mzima ungali ukiitwa Felidae.

Pocock huyo huyo ndiye aliyempa chui wa Unguja jina la tatu, mwaka 1932: Panthera pardus adersi. Alimwona ni mdogo kuliko wa bara, na mabaka yake yamekatikakatika yakawa madoadoa. Adersi ni kwa heshima ya Dk. Aders, mtumishi wa serikali ya kikoloni Zanzibar. Mnyama mwenyewe, bila shaka, hakuulizwa; wala wenyeji.

Mashamba mgawanyo ulikuwa mwengine kabisa. Watu walipambanua chui wa mwituni na chui wa kufugwa, yaani yule aliyeaminiwa kuwa na mwenyewe, mchawi, amtumaye kudhuru watu na mifugo. Imani hiyo haikuwa mzaha: baada ya Mapinduzi ya 1964 wachawi na chui walisakwa pamoja, na chui wakaangamizwa kwa wingi. Leo wengi huamini kwamba ametoweka.

Mwaka 2017 wataalamu wa paka wa IUCN waliipanga upya Felidae, wakawagawa chui katika aina ndogo nane. Adersi haimo. Chui wote wa Afrika wamekuwa Panthera pardus pardus, kwani vinasaba havikuonesha mipaka iliyodhaniwa. Hoja ina uzito wake. Ila kwa hesabu hiyo hakuna aina iliyopotea Unguja, maana pardus wangaliko bara. Paa nunga, aliyepewa jina la Aders huyo huyo mwaka 1918, yeye bado analo.