Sikio Lisilocheka

Mtoto anayejifunza kusoma ahitaji vitu vitatu: kitabu, mwalimu na sikio. Kitabu hununuliwa, mwalimu huajiriwa. Bali sikio la kumsikiliza kwa uvumilivu ni adimu. Leo twaeleza jinsi watu walivyolitafuta sikio hilo, wakaliona mahali pasipotazamiwa: kwa mbwa.

Tuanze kwetu. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937, uwe makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière. Tangu miaka ya 1920 kampuni hiyo ilikuwa imewakabidhi wamisionari Wakatoliki shule za kambi zake. Watoto wa wafanyakazi walikuwa wa makabila mengi: Wasanga, Waluba, Walunda, Wachokwe. Walijifunza herufi kwa kuziimba pamoja: ba, be, bi, bo, bu. Katika kuimba pamoja hakuna mwenye haya, maana sauti za wengi huifunika sauti ya mmoja.

Shida huanza siku mtoto aambiwapo asimame asome peke yake. Akikosa neno moja, wenzake humcheka. Kesho yake aogopa. Keshokutwa ajificha nyuma ya jirani yake. Si kwamba hana akili, ila woga umemfunga ulimi. Tena mtoto wa Manika husema Kiswahili nyumbani na njiani, kisha shuleni hudaiwa Kifaransa. Na tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa mno, hata zamu ya kusoma kwa sauti huja mara chache. Mtoto aliyeshindwa kusoma huchoka na shule. Nasi wa Kolwezi twajua aachaye shule huelekea wapi: machimboni, kuokota na kuosha mawe ya kobalti.

Je, mbwa aingia wapi? Mwaka 1983 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za watoto 38 waliopimwa msukumo wa damu, kwanza wakiwa wametulia, kisha wakisoma kwa sauti. Kusoma kuliupandisha, lakini mbwa alipokuwamo chumbani, msukumo ulikuwa chini zaidi, katika kutulia na katika kusoma pia.

Mwaka 1999, katika mji wa Salt Lake City, chama kiitwacho Intermountain Therapy Animals kilianza kuwapeleka mbwa waliofundishwa kwa watoto wasomao. Mtoto huketi sakafuni karibu na mbwa, mwenye mbwa yuko kando yao, na mtoto husoma. Mbwa hamkatizi, hamharakishi, wala hamcheki. Kazi hiyo imeenea katika nchi nyingi.

Labda mtu atasema: hayo ni mambo ya matajiri. Basi asikie habari za Afrika ya Kusini. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch walieleza walivyowagawa watoto 102 wa darasa la tatu, waliokuwa nyuma katika kusoma, kuwa makundi manne. La kwanza lilimsomea mbwa, la pili mtu mzima, la tatu mwanasesere wa dubu, na la nne halikuongezewa kitu. Baada ya majuma 10, waliomsomea mbwa waliwapita wengine katika kuelewa walichosoma.

Hata hivyo, tusidhani kwamba mbwa hufundisha. Mwalimu ni mwalimu. Wala tusiwaketishe watoto na mbwa yeyote apitaye njiani. Kwetu mbwa wengi ni walinzi wa lupango, na asiyechanjwa aweza kuleta kichaa cha mbwa, ugonjwa unaoua.

Lakini kile mtoto alichopata kwa mbwa chaweza kupatikana nyumbani. Wazazi wengi wasiojua kusoma husema, "Sina la kumsaidia mtoto wangu." Sivyo. Mbwa naye hajui hata herufi moja! Kambo asiyeingia shule maisha yake yote aweza kuketi kibarazani, amwambie mjukuu, "Nisomee." Mjukuu akikwama, kambo angoje. Akimaliza ukurasa, amwombe amsimulie alichosoma. Kaka na dada wakianza kucheka, wanyamazishwe.

Dakika 10 kila jioni, kabla giza halijaingia, zatosha kuanza. Hazigharimu hata faranga moja.